Uchumi ukikua, mto utabaki? Jibu kwa mfanyabiashara wa Makambako

Swali: "Nauza vifaa vya ujenzi hapa Makambako: bati, misumari, saruji na vigae. Kila mwaka hufurahi nikiona mauzo yamepanda. Mwanangu anayesoma chuo kikuu amekuja likizo, akaniambia kwamba uchumi unaotegemea watu kununua zaidi na zaidi hauwezi kudumu kwa sababu dunia haiongezeki. Baba yake anasema hayo ni maneno ya watu walioshiba. Nani kati yao anasema kweli? Pia nina swali dogo. Nina ekari kumi upande wa Wanging'ombe, na mbili kati ya hizo ziko bondeni penye chemchemi. Nimeshauriwa nipande milingoti eneo lote kwa sababu inalipa haraka. Nifanye hivyo?"

Kamwene, mama.

Nimelisoma swali lako mara kadhaa, kwa sababu kwa maneno machache umegusa jambo ambalo wachumi na wanamazingira wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka hamsini. Nitaanza na mabishano ya mwanao na baba yake, kisha nitarudi kwenye shamba lako, ambalo umelitaja kama swali dogo lakini kwangu ndilo zito, kwa kuwa uamuzi wake uko mikononi mwako mwenyewe.

Mwanao anasema kweli kuhusu kikomo, na baba yake anasema kweli kuhusu haki. Msimamo wangu ni kwamba uchumi unaweza kuendelea kukua kwa muda mrefu ikiwa kiasi tunachochota mitoni, misituni na ardhini kimewekewa mpaka kwanza, na mpaka huo ukaheshimiwa hata pale unapouma. Usipokuwapo, kila ufundi mpya unaotuwezesha kutumia kidogo kwa kila gunia la mpunga au kwa kila mbao hugeuka kuwa njia ya kutumia zaidi kwa jumla. Haya nimeyaona yakitokea katika bonde la Usangu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya jibu hili itakuwa huko.

Kwanza hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Uchumi unaokua kwa asilimia 5 kwa mwaka hufika maradufu baada ya miaka 14 hivi, na asilimia 5 kwa Tanzania si kasi ya ajabu. Kuna miaka kabla ya 2020 ambapo tulikua kwa zaidi ya asilimia 6. Kasi hiyo ikiendelea, mtoto anayezaliwa leo akifikisha miaka 70 atakuwa anaishi katika uchumi mkubwa takribani mara 30 kuliko huu. Sasa jiulize kama kila shilingi ya uchumi huo itahitaji maji, mkaa, mbao na saruji kwa kiwango kilekile ambacho shilingi ya leo inahitaji. Haiwezekani, kwa sababu mvua ya milima ya Kipengere haitaongezeka mara 30. Kwa hiyo, ili ukuaji udumu, ni lazima shilingi ya kesho ibebe mzigo mdogo wa maji na miti kuliko shilingi ya leo, na mzigo huo upungue kwa kasi inayoushinda ukuaji wenyewe. Watu wengi wakifika hapa hutulia na kusema kwamba teknolojia itaifanya kazi hiyo. Usangu imenionyesha vingine.

Usangu, wilayani Mbarali, hupokea mito inayoshuka kutoka Poroto, Kipengere na nyanda za Mufindi: Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe. Maji yake hukusanyika katika ardhioevu ya Ihefu na kutokea mahali panapoitwa Ng'iriama, ambapo pana kizingiti cha mwamba. Ihefu ikijaa, maji huvuka kizingiti hicho na mto huendelea kupitia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi bwawa la Mtera, kisha Kidatu, kisha Rufiji. Ihefu ikishuka chini ya kizingiti, hata kwa upana wa kiganja tu, mto umekatika, na upande wa pili hubaki mchanga na vidimbwi ambamo viboko husongamana kwenye tope. Kwa miaka mingi Ruaha Mkuu ulijulikana kama mto wa kutiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kiangazi baada ya kiangazi.

Kilichobadilika zaidi katika miaka hiyo ni mpunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 eneo la umwagiliaji Usangu lilikuwa takribani hekta 10,000, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa limepita hekta 40,000 katika msimu wenye mvua nzuri. Mchele huo umelipa ada za shule, umelisha Dar es Salaam, na umeezeka nyumba nyingi kwa bati ambalo huenda lilipita dukani kwako. Sitaki mtu ayasome maneno haya kama lawama kwa mkulima wa Mbarali. Ninachotaka kukionyesha ni jinsi mto ulivyokauka wakati watu wenye nia njema wakijenga vitu vya kuokoa maji.

Banio la asili hujengwa kwa nguzo zilizochomekwa mtoni, zikajazwa mawe, nyasi na udongo ili sehemu ya maji igeuke na kuingia kwenye mfereji. Banio la namna hiyo huvuja muda wote, na mafuriko ya masika hulibeba, kisha watu hukusanyika na kulijenga upya. Mhandisi akilitazama huona upotevu mtupu. Katika miaka ya 1990 miradi ya kuboresha umwagiliaji ilijenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma, kwa matumaini kwamba maji yatatumika kwa ufanisi na yale yatakayookolewa yatabaki mtoni. Nilisimama kwenye banio moja la aina hiyo mwishoni mwa Septemba. Mto wote ulikuwa umeelekezwa kwenye mfereji, mnyororo wa lango ulikuwa umetiwa kufuli, na chini ya ukuta wa zege palikuwa na unyevu usiotosha kulowesha soli ya kiatu. Mzee mmoja wa kitongoji cha chini, aliyekuwa amefuata maji kwa baiskeli yenye madumu manne, alinieleza kwamba banio la nyasi lilipokuwa likivuja, maji yaliyovuja ndiyo yaliyokuwa yao.

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya hayo kuhusu ufanisi. Maji ambayo mhandisi aliyaita upotevu yalikuwa na wenyewe: kijiji cha chini, samaki wa Ihefu, viboko wa hifadhi, mtambo wa umeme wa Mtera. Banio lilipoacha kuvuja hayakuokolewa, yalihamishwa kutoka kwa watu wa chini kwenda kwa watu wa juu. Watu wa juu nao, walipopata maji ya uhakika, walifanya kile ambacho wewe na mimi tungekifanya. Waliongeza majaruba. Waliwahi kuandaa vitalu kabla ya mvua ili wauze mchele wakati bei iko juu, na wengine walilima mahindi mabichi na mboga mwezi ambao zamani mfereji ungekuwa mkavu. Yawezekana kabisa kwamba gunia moja lilitumia maji kidogo kuliko awali, lakini jumla ya maji yaliyotolewa mtoni kiangazi ilipanda.

Vibali vya maji navyo havikusaidia kama ilivyotarajiwa. Kibali kiliandikwa kwa kiasi kisichobadilika, lita kadhaa kwa sekunde, kiasi kinachoeleweka mto ukiwa umejaa mwezi Machi. Ukifika Oktoba, kibali kimoja kinaweza kuwa kikubwa kuliko mto mzima, na aliyekilipia huamini kwa dhati kwamba amenunua haki ya kuuchukua wote. Kinachofanya kazi vizuri zaidi, pale nilipokiona, ni mgao: Jumuiya ya Watumia Maji ikikubaliana kwamba mto ugawanywe kwa sehemu na kwa zamu, na kwamba sehemu ya kwanza kabisa ni ile inayoachwa ipite. Sehemu hiyo ya kwanza ndiyo mpaka ninaouzungumzia tangu mwanzo wa jibu hili.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1865 mchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons, aliliona kwenye makaa ya mawe: mashine za mvuke zilizoboreshwa zilitumia makaa machache kwa kila kazi, kwa hiyo zikawa nafuu kuziendesha, zikaenea katika viwanda vingi zaidi, na matumizi ya makaa ya nchi nzima yakapanda. Wachumi bado wanabishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, kwa kuwa hailingani kila mahali. Kwenye taa za nyumbani ni ndogo, maana ukishaona vizuri huhitaji taa nyingine. Kwenye kitu ambacho watu wana njaa nacho, kama maji ya kiangazi, ni kubwa mno.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utarudi kutiririka mwaka mzima. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukatika. Naamini wafugaji walibebeshwa mzigo mkubwa kuliko sehemu yao katika tatizo, kwa sababu kundi la ng'ombe kwenye tope huonekana haraka kama uharibifu, ilhali banio la zege huonekana kama maendeleo. Nina uchungu na jambo hilo hadi leo.

Sasa turudi dukani kwako, kwa sababu hapo ndipo neno "kukua" linapohitaji kuchambuliwa. Tunapoambiwa uchumi umekua, kinachopimwa ni thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini katika mwaka. Kipimo hicho kinatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Simon Kuznets, ambaye mwaka 1934 aliwasilisha mahesabu ya pato la Marekani mbele ya Bunge la nchi hiyo, na katika taarifa hiyohiyo akaonya kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye pato lake. Tulichukua kipimo, onyo tukaliacha. Mgao wa umeme ukija kwa sababu mabwawa yameshuka, wenye saluni na mashine za kusaga hununua jenereta na dizeli, na manunuzi hayo huingia kwenye hesabu kama shughuli za kiuchumi. Chemchemi ikikauka na familia ikaanza kununua maji kwa dumu, hesabu hupanda, kwa sababu zamani maji hayo hayakuuzwa.

Mfano wa bati unaujua kuliko mimi. Mteja akinunua bati la geji 32 kwa sababu ni rahisi, likashika kutu mapema, atarudi kununua tena. Akinunua la geji 28, zito zaidi na lenye bei kubwa, anaweza kukaa nalo miaka mingi bila kukumbuka njia ya dukani kwako. Kwenye takwimu, mteja wa kwanza anaweza kuchangia zaidi "ukuaji". Kwenye maisha, wa pili ana paa, na chuma kilichochimbwa, kikayeyushwa na kusafirishwa kwa ajili yake ni kidogo. Mwanao akikuambia kwamba ulaji wa namna hii hauwezi kudumu, anamzungumzia mteja wa kwanza: kitu kinachotengenezwa ili kirudiwe. Hapo nakubaliana naye bila kusita. Ila kuna sehemu ambayo pengine hajaifikiria. Duka lako linaweza kuongeza kipato kwa kuuza kile kinachodumu pamoja na ujuzi wa kukitumia: fundi mzuri wa kuezeka, mifereji ya paa, simtanki, na matengenezo baada ya miaka mitano. Paa la mita za mraba 80 katika mwaka wenye mvua ya milimita 1,000 hupokea lita 80,000 za maji. Sehemu kubwa ya maji hayo leo huanguka chini, huchimba mtaro ukutani na kupotea. Ukimuuzia mteja uwezo wa kuyatunza, umeongeza mauzo, na mama wa nyumba hiyo amepunguza safari za kisimani. Ukuaji wa aina hiyo sioni sababu ya kuupinga, sasa wala baada ya miaka mia.

Baba yake anaposema hayo ni maneno ya walioshiba, ana hoja ambayo watu wa mazingira hatujaijibu vizuri kila mara. Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na nishati anayotumia, na Mmarekani hutoa zaidi ya tani 13. Ni dhuluma kumwambia mama wa Kilolo anayepikia mafiga matatu, macho yakiwasha kwa moshi, kwamba dunia imejaa hivyo abaki alipo. Tena umaskini wenyewe hula msitu. Takwimu za Serikali zimetaja upotevu wa misitu wa takribani hekta 469,000 kwa mwaka nchini, na mkaa pamoja na kilimo cha kuhamahama ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo hilo haliwezi kufikiwa bila vipato kupanda, kwa sababu mtu hununua mkaa wa kopo kwa kukosa fedha ya kujaza mtungi. Kwa familia hiyo, kununua zaidi ni kuuacha msitu upumue.

Walioshiba nao wametuonyesha jambo. Uingereza imepunguza gesi zake za kuongeza joto kwa zaidi ya nusu tangu 1990, huku uchumi wake ukiendelea kukua, na tarehe 30 Septemba 2024 ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, nchi ileile ambayo Jevons aliiogopea. Haikutokea kwa mashine bora peke yake. Kulikuwa na bei iliyowekwa kwenye uchafuzi, na sheria ya mwaka 2008 iliyoweka ukomo wa gesi kwa vipindi vya miaka mitano mitano. Yaani walijenga banio, kisha wakakubaliana pia ni kiasi gani kisichukuliwe. Hata hivyo sifa hiyo ina dosari, kwa kuwa bidhaa nyingi wanazotumia hutengenezwa nchi nyingine, na ukihesabu moshi wa viwanda vya huko, upungufu wao huwa mdogo zaidi. Kwenye malighafi kwa ujumla, ambako hakuna ukomo wowote wa kimataifa, hali ni kinyume: mwaka 1970 dunia ilichimba, ilivuna na kukata takribani tani bilioni 30 kwa mwaka, na sasa imepita tani bilioni 100. Penye mpaka tumeona kushuka, na pasipo mpaka tumeona kupanda tu, pamoja na mashine zote mpya zilizobuniwa katikati ya miaka hiyo.

Sisi wenyewe tuna mfano mdogo wa mpaka. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na wauzaji wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, waliokuwa wakilalamika Mei walikuwa wameshapata vikapu na mifuko mbadala kabla mwezi haujaisha. Biashara ya nyanya haikufa. Vifungashio vyepesi vimerudi kwa mlango wa nyuma katika baadhi ya masoko, kwa hiyo marufuku inahitaji kusimamiwa, lakini hofu kwamba uchumi ungetikisika haikutimia.

Kabla sijafika kwenye milingoti, niseme neno kuhusu miti ya kupandwa kwa ujumla, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini ndiyo sehemu ambayo uchumi wa kudumu unaweza kuonekana kwa macho. Msitu wa kupandwa una hesabu rahisi kuliko mto: usikate zaidi ya kile kinachokua kwa mwaka. Shamba la miti la Serikali la Sao Hill, ambako majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1939, limeweza kuvunwa kwa miongo kwa sababu kuna mpango wa kuvuna na kurudishia. Tatizo letu liko kwenye mashamba ya watu binafsi, ambako msindano unaohitaji karibu miaka 20 ili utoe mbao imara hukatwa ukiwa na miaka minane au kumi, mtoto akifaulu kwenda sekondari na ada ikakosekana. Ukipita Mafinga utaziona mashine za dingdong, ambazo msumeno wake mnene hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi, na utaona vichuguu vya unga wa mbao vikifuka moshi siku nyingi. Viwanda vipya vya plaiwudi hutumia gogo vizuri zaidi, hulimenya hadi kiini. Kwa kuwa vinaweza kumenya hata gogo jembamba, vimefungua soko la miti michanga, na watu wanakata mapema kuliko zamani. Unaona mwenyewe kwamba ni banio la zege lilelile, safari hii likiwa na meno ya msumeno.

Sasa shamba lako. Zile ekari nane za juu, panda. Milingoti si mti wa laana kama wengine wanavyosema. Ni mti unaokua haraka, na kitu kinachokua haraka hunywa sana. Juu ya kilima, mbali na maji, hutoa nguzo na kuni ambazo vinginevyo zingekatwa kwenye msitu wa asili. Ningeshauri usiupande peke yake. Weka misindano kwenye sehemu kubwa, na kama udongo ni mzuri na kuna mtu wa kuangalia shamba mara kwa mara, tenga ekari moja au mbili za parachichi, ambalo huanza kutoa matunda ndani ya miaka michache na kukupa fedha ya kukuvusha mpaka mbao zikomae. Mtu mwenye chanzo cha ada ya kila mwaka hakati mti wa miaka minane, na kwa mtazamo wangu huo ndio ulinzi wa msitu ulio imara kuliko mabango yote ya barabarani.

Zile ekari mbili za bondeni, usipande milingoti hata shina moja. Kwanza sheria hairuhusu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kwa eneo la ekari mbili lenye chemchemi katikati, mita 60 pande zote huenda zikalimaliza lote. Pili, hata kama sheria isingekuwepo, mizizi ya milingoti penye maji ya juujuu hufanya kazi kama pampu isiyozimwa, na vijito vingi vya upande huo wa Wanging'ombe humwaga maji yake Usangu. Chemchemi yako ni sehemu ya maji yaleyale niliyoyakosa chini ya lile banio mwezi wa Septemba.

Aliyekushauri kuhusu kulipa haraka amehesabu miti bila kuhesabu maji. Waulize majirani wa chini ni kaya ngapi huchota hapo Oktoba, na ni vinyungu vingapi, yaani bustani za bondeni za kiangazi, hutegemea unyevu wake. Kama wewe au jirani yako mna kinyungu ndani ya eneo hilo, ninajua kwamba kukiacha kunauma, maana mahindi mabichi ya kiangazi ni fedha ya uhakika. Kisogezeni taratibu nje ya mpaka badala ya kusubiri siku ya kufukuzwa. Ndani ya mpaka acha matete na nyasi za asili zirudi, na palipo wazi panda mivengi, ambayo wazee wa kwetu wamekuwa wakiiacha penye maji tangu zamani. Ukitaka eneo hilo likuingizie kitu, weka mizinga michache ya nyuki pembezoni.

Upimaji ufanyike mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, ili ujue chemchemi ilivyo ikiwa imesinyaa kabisa. Lakini usianzie kupima kwenye jicho la maji la Oktoba. Watu wengi hukosea hapo. Tafuta ukingo wa ardhi inayolowa wakati wa masika, utautambua kwa udongo mweusi na aina ya majani, kisha anzia hapo kuhesabu mita 60 kwenda juu, na uweke alama za mawe. Kamba ya mita 20 inatosha, ukiivuta mara tatu kila upande. Nenda na mwanao kabla likizo haijaisha, na baba yake pia, kwa sababu kamba inahitaji mtu wa kuishika chini na mwingine wa kuivuta juu.